Mwaka Tuliopanga Kwenda Kuusoma Mji

Mwezi uliopita tulimzika Nyaguthii kule Endarasha, kwenye kona ya shamba lake, upande unaotazama milima ya Nyandarua. Kulikuwa na mahema mawili na viti vya plastiki, na kila mtu alipewa kijitabu chenye picha yake ya uzeeni, kitambaa kichwani, macho yamemkazia mpiga picha kana kwamba yanamwuliza ana haraka ya nini. Mjukuu wake, msichana anayefanya kazi benki, alisoma historia ya marehemu kwa kipaza sauti. Aliolewa, akabarikiwa na watoto sita, akawa mwanachama mwaminifu wa kikundi cha akina mama kanisani, na hapo msichana akatabasamu kidogo akaongeza, "pia alisoma ngumbaru." Watu walicheka kwa upole, jinsi watu wanavyocheka msibani marehemu akiwa amepita miaka tisini. Ngumbaru ndiyo madarasa ya watu wazima wasiojua kusoma, na neno lenyewe kwetu huwa halikosi mzaha. Mimi sikucheka. Nilikuwa mwalimu wake. Nilirudi nyumbani Nyeri na tope la Endarasha kwenye viatu, nikatia chai kikombeni, nikaiacha ikapoa, kwa sababu sentensi ile moja haikunitosha. Mwaka mzima wa maisha yake, na wa maisha yangu, ulikuwa umepitishwa mbele ya watu kwa maneno matatu.

Ulikuwa mwaka wa tatu wa Uhuru. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na karatasi yenye muhuri iliyosema kwamba naweza kuwafundisha watu wazima kusoma Kiswahili. Endarasha wakati ule ilikuwa mahali papya. Mashamba ya wazungu yalikuwa yamegawiwa watu kutoka kila kona ya Nyeri, kila familia na kipande chake, nyumba za mbao mbichi bado zikinukia utomvu. Darasa letu lilikuwa chumba cha kukaushia pareto, yale maua ya dawa ya kuua wadudu, ambacho mzungu alikiacha. Kuta zilikuwa na trei za waya kutoka chini mpaka darini, na jiko la kuni lilikuwa limejengwa chini ya sakafu, kwa hiyo hata katika baridi ya Julai, ukungu ukiwa umelala mashambani mpaka saa sita, sisi tulikaa miguu ikipata joto. Maua yaliyokaushwa yalitufanya tupige chafya. Nzi walioingia kwa mlango walizunguka mara mbili wakaanguka wamekufa juu ya vitabu. Wanawake kumi na mmoja walikuja mara tatu kwa wiki baada ya kuchuma pareto, mikono yao ya manjano, na wa mwisho kuingia alibeba birika la chai iliyochemshwa na maziwa palepale nyumbani kwake. Sheria yangu ilikuwa kwamba humu ndani tunazungumza Kiswahili. Kilikuwa Kiswahili chetu cha milimani, kisichojali sana ngeli, lakini tulikizungumza kwa bidii.

Nyaguthii ndiye aliyekuwa nyota. Wenzake walimwita Mama Wamaitha, kwa jina la binti yake mkubwa wa miaka tisa. Alikuwa na miaka thelathini na mitano hivi, mrefu, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe toka mbali. Wengine walisoma kwa kukwama, kidole kikitambaa chini ya kila silabi. Yeye nilipomwita alisimama, akakishika kitabu kifuani, akasoma ukurasa mzima kama mtu anayemimina maji. Nilimwambia "vizuri sana, Mama Wamaitha" mara nyingi kuliko nilivyomwambia mtu mwingine yeyote, na sasa ninapokumbuka, nadhani nilijisifu mimi zaidi yake. Mwalimu wa miaka kumi na tisa anahitaji mtu mmoja wa kumthibitishia kwamba anafundisha.

Wazo la safari lilitoka kwake. Ilikuwa siku ya mvua, birika limekwisha, hakuna aliyetaka kutoka. Akauliza, "Mwalimu, tukimaliza kitabu hii, tutasoma nini?"

Nikasema serikali italeta kingine.

"Mimi sitaki ingine. Nataka twende Nairobi tusome mji. Siku mbili tu. Tusiulize mtu njia. Kila kitu imeandikwa huko, si ndiyo? Tusome sisi wenyewe."

Chumba kikalipuka kwa kelele. Mama Ngunjiri, aliyekuwa mkubwa wao, mwanamke mdogo wa umbo aliyeogopa gari, daraja na mbwa, alisema Nairobi inameza watu. Mwingine akataka kuona ndege ikiruka. Mwingine akataka kuona nyumba yenye ngazi inayopanda yenyewe, maana shemeji yake aliapa ameipanda. Kisha wote wakanigeukia. "Mwalimu anajua Nairobi," mmoja akasema, si kama swali. Nilikuwa nimevaa sketi iliyopigwa pasi na viatu vyenye kisigino. Nikasema, "Naijua." Sikuwa nimewahi kupita Sagana. Nilisema hivyo bila hata kumeza mate, na papo hapo nikamteua Nyaguthii kuwa kiongozi wa safari, yeye ndiye angesoma vibao mbele ya kundi lote.

Habari ilitembea. Juma lile nilikuwa ndani ya hoteli ya chai ya pale senta, penye maduka, nimeketi nyuma ya pazia la jikoni ambako mwenye hoteli, mjane mmoja, alinipa mandazi ya jana kwa heshima ya ualimu, nikawasikia wanaume upande wa pili wa pazia, wakiigiza kwa mzaha Kiswahili cha darasa letu. Niliitambua sauti ya Mzee Ndirangu, mume wa Mama Ngunjiri na mwenyekiti wa chama cha ushirika.

"Ati wanaenda kusoma mji," akasema. "Mji inasomwa? Mimi nimeenda Nairobi mara ngapi na sijasoma kitu, na nilirudi."

Mwingine akacheka. "Ulirudi bila kofia."

"Kofia iliibwa. Hiyo ni maneno ingine." Nikasikia kijiko kikizunguka kikombeni. "Lakini bibi yangu, yule anaogopa hata mbwa ya jirani, jana usiku alikuwa anasoma karatasi ya sabuni. Anasoma kwa sauti. Mimi nalala nasikia sabuni, sabuni, sabuni." Wakacheka tena, lakini kicheko chake kilikuwa na kitu kingine ndani, na siku chache baadaye ndiye aliyetuma ujumbe kwamba lori la ushirika litatufikisha Kiganjo kupanda treni, kama kweli tunaenda.

Kwa hiyo mambo yalikuwa yakienda vizuri siku niliyokwenda kwa Nyaguthii kuzungumza juu ya chakula cha njiani. Jikoni kwake kulikuwa kibanda cha mbao zilizoachana, na moshi ulipenya kila upenyo. Nilikuwa nimebakiza hatua mbili nifike mlangoni nilipomsikia Wamaitha akisoma. Nililijua somo lile. Lilikuwa la kesho yake, la mzee na mbuzi wake watatu. Mtoto alisoma sentensi, akanyamaza, na mama akairudia kwa sauti ile ile niliyoisifu mwaka mzima.

"Tena," Nyaguthii akasema. "Hapo pa mbuzi wa pili ndipo ninapopotea."

"Mama, si uangalie herufi? Hii ni M, hii ni B."

"Herufi baadaye. Nipe maneno."

Nilirudi nyuma polepole mpaka barabarani. Leo ningejua la kufanya, au nataka kuamini hivyo. Siku ile nilihisi nimedanganywa, nikasahau kabisa kwamba mimi mwenyewe nilikuwa nimewaahidi wanawake kumi na mmoja mji nisioujua. Na kesho yake nilifanya jambo ambalo bado linanichoma. Badala ya ukurasa wa mbuzi, niliandika ubaoni sentensi yangu mwenyewe, fupi, ambayo haikuwa kitabuni: Mama anapika uji. Nikasema, "Mama Wamaitha, tusomee."

Alisimama. Aliutazama ubao kwa muda mrefu sana. Wenzake walitazama chini, wote, na nilidhani ni kwa mshangao. Hatimaye akasema, "Macho yangu leo iko na moshi, Mwalimu," akaketi, akakiweka kitabu chini ya paja. Nikamwita mwingine. Alisoma. Somo likaendelea. Nilikuwa nimeshinda, na sikujua nimemshinda nani.

Hakuja siku iliyofuata, wala ile nyingine. Wiki nzima birika lilikuja bila yeye. Niliposema habari ya treni, walitazama vitabu vyao. Mama Ngunjiri aliinua mkono kama mtoto wa shule. "Mwalimu, bila Mama Wamaitha sisi ni kondoo. Mimi siendi." Wakaitikia kwa miguno. Wiki tano za kupanga zilikuwa zimeanguka kama nzi wale, na mimi ndiye niliyeziangusha.

Nilimkuta shambani, kikapu mgongoni, vidole vyake vikikata vichwa vya pareto bila kuvitazama. Hakusimama. Nilianza kuchuma kwenye mstari uliofuata, vibaya, nikivuta na majani. Huku nje tulizungumza Kikuyu, kwa hiyo hakuna mahali pa kujificha nyuma ya maneno.

"Nilikusikia na Wamaitha," nikasema. "Ndiyo sababu niliandika ubaoni. Nilifanya makusudi. Nisamehe, mama."

Aliendelea kuchuma. Kisha akasema, "Nilianza nikiwa nimechelewa wiki mbili, unakumbuka? Wenzangu walikuwa mbele. Siku ya kwanza uliniita, nikasema maneno niliyomsikia jirani yangu akisoma. Ukasema vizuri sana. Katika maisha yangu hakuna mtu aliyewahi kuniambia vizuri sana. Nikaogopa kuipoteza sifa ile, Mwalimu. Basi nikawa naitafutia chakula kila siku kama mnyama wa kufugwa."

Nami nikampa ukweli wangu. "Mimi," nikasema, "sijawahi kufika Nairobi."

Hapo ndipo alipogeuka. Alinitazama viatu, sketi, kisha uso. "Hata mara moja?"

"Hata mara moja. Mwisho wangu ni Sagana."

Alianza kucheka kwa tumbo, bila sauti, kisha sauti ikaja, akalazimika kukivua kikapu na kuketi katikati ya maua. Nilijaribu kubaki na heshima ya kazi yangu, nikashindwa. Tulicheka mpaka mwanamke wa shamba la ng'ambo akasimama kututazama. Alipopata pumzi, akajifuta macho kwa kiganja cha manjano akasema, "Mimi niliishi huko miaka miwili. Kabla wakoloni hawajatangaza Hali ya Hatari, kabla sijaolewa. Nilikuwa yaya. Najua kila njia. Sijui hata moja inaitwaje."

Hivyo ndivyo safari ilivyopangwa upya. Asubuhi kabla ya kuchuma nilikuwa nakwenda jikoni kwake, na yeye, mimi na Wamaitha tulikaa kwenye vigoda tukila viazi vitamu vilivyochomwa majivuni. Mtoto alichora herufi kwa kaa la moto lililozimwa, juu ya ungo. Nyaguthii alikuwa mzito wa kujifunza na alijichukia kwa hilo, aliweza kukumbuka ukurasa mzima kwa kuusikia mara mbili, lakini B na D zilimhangaisha siku kumi. Wamaitha alimwambia D imekula tumbo zima, B imefunga mkanda. Hiyo ikakaa. Kisha zamu yangu ilifika. Nyaguthii alifumba macho, akatembea Nairobi akiwa ameketi: ukitoka stesheni, mbele yako kuna barabara pana ya miti, mkono wa kulia utasikia harufu ya mkate, ukivuka hapo kwa uangalifu utaona nyumba yenye saa. Mimi niliandika na kuchora. Jioni nilichora ramani ile ubaoni mbele ya darasa kwa kujiamini kwingi, na Nyaguthii, aliyekuwa amerudi darasani, akiwa safu ya nyuma akitikisa kichwa nilipokosea. Tuliorodhesha maneno ya mji: posta, benki, hatari, stesheni, soko, na machache ya Kiingereza kama ya kuingia na kutoka, na ya choo cha wanawake, ambayo Mama Ngunjiri aliyakariri kabla ya mengine yote. Kila mmoja aliruhusiwa kuchagua kitu kimoja cha kuona. Nyaguthii alichagua bustani ndogo katikati ya mji. Nilipomwuliza kuna nini huko, alisema kuna viti.

Tulisafiri Ijumaa ya mwisho wa Agosti. Wanawake kumi na mmoja na mimi, sanduku moja la bati la viazi, mayai ya kuchemsha na mikate ya kusukuma, na lori la ushirika likiendeshwa polepole mno kwa amri ya Mzee Ndirangu. Toka Kiganjo walisoma kila stesheni kwa sauti, wote pamoja, Karatina, Sagana, mpaka abiria wengine wakaanza kusoma nao. Tulilala kwenye ukumbi wa kanisa moja, na Jumamosi asubuhi tukatoka kuusoma mji.

Harufu ya mkate haikuwapo. Mahali pake palikuwa na jengo la vioo. Miti ya barabara pana ilikuwa imekatwa upande mmoja, na majina ya njia yalikuwa yamebadilishwa, hata kama Nyaguthii angejua ya zamani yasingemsaidia. Tulisimama kwenye kona, magari yakipita, ramani yangu ikiwa na maana sawa na karatasi ya kufungia sukari. Nyaguthii akanitazama, nami nikamtazama, viongozi wawili wa kundi. Mama Ngunjiri ndiye aliyetuokoa. Alikuwa ameshika sketi yangu kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akaonyesha juu ya mlango mkubwa ng'ambo ya barabara. "Po-sta," akasema. "Pale ni posta! Imeandikwa!" Tukaitafuta posta kwenye ramani, tukaigeuza ramani, na mji ukakaa sawa.

Tuliona ndege ikipita juu, tukaona ngazi za umeme zikipanda zenyewe, na wanne wakapanda wakishikana mikono. Saa saba tulifika kwenye bustani. Nyaguthii aliwaacha wenzake nyasini wakifungua sanduku, akanivuta kando. Viti vilikuwa vya mbao, virefu, chini ya miti.

"Nilikuwa na umri wako," akasema. "Nimembeba mtoto wa mzungu mgongoni tangu asubuhi. Nikaketi hapa. Askari wa mji akaja, akagonga ubao kwa fimbo yake, ubao mdogo wenye maandishi, hapa kwenye mgongo wa kiti. Aliugonga mara mbili. Nilidhani ananionyesha kitu kizuri. Nikamtabasamia. Akanivuta kwa sikio mpaka barabarani, na watu waliokuwa hapa wakacheka. Maumivu niliyasahau, Mwalimu. Ni lile tabasamu. Nilikuwa nafukuzwa na ninatabasamu, kwa sababu sikujua kusoma."

Ubao ule, wa viti vya wazungu peke yao, haukuwapo tena. Lakini kiti kilikuwa na kipande cha boksi kilichofungwa kwa kamba, na juu yake mtu alikuwa ameandika kwa brashi, kwa herufi kubwa. Nilikiona na nilikisoma kabla sijataka. Nikafunga mdomo. Nyaguthii alikisogelea kama mtu anayemsogelea ng'ombe asiyemfahamu. Wenzake nyasini walikuwa wameacha kula.

"Ra," akasema. "Ra... ngi. Rangi." Akavuta pumzi. "M. Hii imefunga mkanda, ni B. Mbi. Mbi... chi." Aliyaunganisha midomoni bila sauti, kisha kwa sauti. "Rangi mbichi." Akanyoosha kidole, akagusa ukingo wa kiti. Kidole kikarudi kijani. Alikitazama muda mrefu.

Wakati huohuo bwana mmoja mwenye suti na gazeti alikuja kwa kasi ya mtu aliyechoka, akageuka aketi. Sauti ile ya kuita ng'ombe ikapaa juu ya bustani nzima: "Mzee, usikae! Imeandikwa rangi mbichi!"

Bwana yule alisimama akiwa nusu ameinama. Akasoma. Akashika suruali yake kwa nyuma kuhakikisha. "Asante sana, mama," akasema. "Umeniokoa. Sikusoma."

"Soma kwanza," Nyaguthii akamwambia, si kwa ukali.

Kwenye treni ya kurudi Jumapili, Thika ikiwa imepita, alisimama katikati ya behewa akijishikilia. Aliwaambia wenzake kwa Kikuyu, bila kuzunguka, kwamba mwaka mzima alikuwa akisema maneno ya binti yake, kwamba ameanza kujua herufi mwezi uliopita tu. Nilitazama nje kwa dirisha, nikiogopa nyuso zao. Mama Ngunjiri alikuwa akimenya yai.

"Tulijua," akasema.

"Mlijua nini?"

"Sote tulijua. Ulikuwa unafunua ukurasa kabla hujafika mwisho wake. Tulisema, atafika tu, tusimharakishe." Akalitia yai chumvi. "Na Mwalimu pia tulijua hajawahi kufika Nairobi. Mtu anayejua Nairobi haulizwi kuna nini huko halafu akajibu kuna majumba."

Behewa lilicheka mpaka mkagua tikiti akaja kuangalia. Mimi nilicheka na kulia, na nadhani ualimu wangu ulianza hapo, siyo siku niliyopewa karatasi yenye muhuri. Nilikuwa nimewaona wanawake wale kama watu wa kuvushwa. Kumbe wao ndio waliokuwa wakituvusha sisi wawili, kimya kimya, huku wakipiga chafya katika chumba cha pareto, na ule ukimya wao siku niliyomwaibisha Nyaguthii ulikuwa hukumu juu yangu ambayo waliamua kutoitamka. Nimefundisha miaka arobaini baada ya hapo. Sijawahi tena kumwita mtu ubaoni bila kujua ninamwitia nini.

Mwisho wa mwaka nilihamishiwa Murang'a. Miezi minane ilipita, kisha ikaja barua, bahasha imeandikwa kwa herufi kubwa zilizopanda mlima kuelekea kona ya stempu. Ndani kulikuwa na mistari michache kwa kalamu ya risasi, na palipokosewa pamefutwa kwa mate mpaka karatasi ikatoboka. Hakukuwa na mkono wa Wamaitha popote, niliujua mkono wa Wamaitha. Ilisema: Mwalimu. Sisi hatujambo. Pareto imechanua. Tuko wanawake ishirini na tatu sasa. Tunapanga Mombasa. Kama hujawahi kufika, sema tu, tutakupitia.